Breki ya mbele haishiki tangu nibadili sili za shokapu nyumbani, naombeni msaada wakuu

Mteremko (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wa mawazo, hii ni siku ya tatu nahangaika na sioni mwanga.

Nina pikipiki ya Kichina 150, ile yenye diski mbele na ngoma nyuma, naitumia huku Lushoto na kila Alhamisi nashuka Mombo kuchukua mzigo wa duka. Wanaoijua ile barabara wanaelewa, kilomita 30 na kitu kona juu ya kona, upande huu mwamba upande huu korongo, breki ya mbele sio kitu cha kubahatisha. Wiki iliyopita shokapu ya mbele upande wa diski ikaanza kuvuja, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye rimu, nikanunua sili mbili nikasema hii kazi naiweza mwenyewe nyumbani. Nikatoa tairi, nikafungua kalipa (kile chuma chenye pistoni na pedi kinachobana diski) nikaifunga kwa waya kwenye hendeli isining'inie na hosi, yaani mpira wa mafuta ya breki, nikabadili sili, nikaweka mafuta mapya ya shokapu. Hapo kote sawa.

Sasa nimeingia ndani kunawa mikono, mwanangu wa miaka 6 akaja akaanza kuminya leva ya breki, ameminya mara nyingi tu, natoka nakuta pistoni imetoka yote kwenye kalipa na mafuta ya breki yamemwagika chini. Nikaifuta pistoni kwa kitambaa, nikairudisha, nikajaza mafuta, nikatoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta, kama ninavyoona mafundi wanafanya.

Leva inaenda mpaka inagusa gripi. Ukipampu haraka haraka mara tano inapanda kidogo, ukiiacha dakika moja inarudi kulekule. Nimetoa upepo mpaka mafuta ya kwenye chupa yameisha. Nimekosea wapi? Alhamisi inakuja.

Spana Namba Nane

Mkuu pole, kwanza usishuke nayo hiyo Mombo, hata kama umekodiwa. Panda daladala Alhamisi hii.

Pili jibu haya. Mafuta uliyojaza ni mapya au chupa ilikuwa imefunguliwa siku nyingi? Kalipa umeirudisha ile tundu ya kutolea upepo ikiwa juu au chini? Na unavyotoa upepo unafanyaje hasa, elezea hatua kwa hatua, maana watu wengi wanasema "nimetoa upepo" kumbe wameingiza.

Mteremko

Asante mkuu. Chupa niliifungua mwaka jana mwezi wa tatu, ilibaki nusu. Tundu iko juu. Kutoa upepo, nampampisha kijana leva, mimi nafungua kinati cha kwenye hiyo tundu kwa spana namba 8, mafuta yanatoka, nafunga, anapampu tena.

Spana Namba Nane

Hapo kwenye "nafungua, mafuta yanatoka, nafunga" ndo pa kuangalia. Huyo kijana anaiachia leva lini? Akiiachia wakati kinati bado kiko wazi hata nusu sekunde, kalipa inavuta hewa kwa kule chini kupitia kwenye kinati, unakuwa unatoa vijiko viwili na kuingiza kimoja, mtakesha.

Fanya hivi. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaobana vizuri kwenye kinati, hata ule wa dripu unafaa, mwisho wake uzamishe kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo ili kalipa ikivuta kitu ivute mafuta sio hewa. Kijana aminye leva taratibu mara tatu nne kisha AISHIKE imebanwa. Wewe fungua robo mzunguko, leva itazama mpaka kwenye gripi, asiiachie, funga, ukishafunga mwambie achia. Mwambie kwa mdomo kila mara, "shika", "achia", msifanye kwa kukadiriana. Na kikopo cha mafuta cha juu kwenye hendeli kisishuke chini ya nusu, kikikauka mara moja tu mnaanza upya kabisa.

Halafu hayo mafuta ya mwaka jana yamwage yote. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230, lakini ikishakunywa maji DOT 3 inashuka mpaka 140 na DOT 4 mpaka 155. Kwenye mji tambarare unaweza usione tofauti. Wewe unashuka mlima saa nzima breki imebanwa, kalipa inapata moto, maji yaliyomo ndani yanakuwa mvuke, na mvuke unabinyika kama upepo. Leva inalegea katikati ya kona. Nunua chupa mpya iliyofungwa, angalia kwenye mfuniko wa kikopo chako wameandika DOT ngapi, usiweke DOT 5 ile ya silikoni hata ukiambiwa namba kubwa ndo bora, ile ni kitu kingine kabisa haichanganyiki na hizi.

Nduthi ya Nakuru

Niaje wakubwa, niko Nakuru. Kitu kimoja mtu husahau, hewa hukwama huko JUU kwa masta silinda, ile pampu ya breki iliyo kwa leva, pale hosi inaingia. Ile bolti yenye shimo katikati. Unaweza toa upepo kule chini hadi jioni na hiyo hewa haitashuka, kwa sababu hewa hupanda, na hosi imepiga kona pale juu ndio ishuke. Funika tangi na kitambaa kilicho na maji kwa sababu hayo mafuta hula rangi, mtu mmoja aminye leva ashike, wewe legeza hiyo bolti kidogo tu, utasikia imefanya "psss" na mapovu yatoke, kaza, halafu achia. Rudia mara tatu. Ukimaliza angalia hizo washa mbili za shaba, moja juu moja chini ya hosi, kama zimechoka badilisha si pesa nyingi.

Mama Chanjo

Nachangia na mimi ingawa sio fundi, ni muuguzi naendesha pikipiki kupeleka chanjo vijijini miaka 9 sasa.

Kaka ukishafanya alivyosema huyo ndugu wa Nakuru, usiku funga leva. Chukua mpira wa tyubu ya baiskeli, minya leva mpaka mwisho, izungushie mpira ibaki imebanwa mpaka asubuhi, hendeli uigeuze ili kikopo kiwe sehemu ya juu kabisa. Mapovu madogo madogo yanajikusanya na kupanda usiku kucha, asubuhi ukifungua mpira unaachia leva taratibu yanatokea kwenye kikopo. Mimi nilifundishwa na dereva mmoja mzee wa wilaya na imenisaidia zaidi ya mara moja.

La pili nalisema kwa uchungu. Mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Yangu iliwahi kupungua nikiwa mbali na mjini, fundi mmoja akajazia oili ya injini, akaniambia mafuta ni mafuta dada. Siku ya tatu mipira yote ya ndani ikavimba, leva ikawa ngumu kama jiwe na tairi ya mbele ikawa haiachii, nasukuma pikipiki na sanduku la chanjo mgongoni na diski inanuka moto. Ilibidi kubadilisha mipira ya masta, ya kalipa, na hosi yenyewe. Chanjo zile zina masaa yake kwenye sanduku la baridi, siwezi kusahau ile siku.

Mteremko

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimenunua DOT 4 mpya, nimepata mpira wa dripu, tumefanya na kijana kwa "shika" na "achia". Pale juu kwenye bolti ya hosi ndo palikuwa na mambo, mara ya kwanza imetoka povu jeupe kama la sabuni, mara ya pili kidogo, ya tatu mafuta matupu. Usiku nikafunga mpira wa tyubu. Asubuhi leva imekuwa ngumu vizuri, inasimama ikiwa bado vidole viwili kufika kwenye gripi, haizami hata niibane dakika tano. Mungu awabariki.

LAKINI bado haishiki. Nimeijaribu hapa uwanjani mwendo wa 20 hivi, nabana kwa nguvu zote, leva ngumu kabisa, pikipiki inateleza tu kama imetiwa mafuta. Zamani kidole kimoja kilitosha. Sasa upepo umeisha, ni nini tena?

Spana Namba Nane

Umejibu mwenyewe mkuu, "kama imetiwa mafuta".

Naomba watu wote wanaopita kwenye huu uzi waelewe hapa maana ndo mafundi wengi wanapopoteza hela za wateja. Ugumu wa leva na nguvu ya kushika ni vitu viwili tofauti. Leva ikiwa laini kama sponji, hapo kuna upepo, au hosi ya zamani inavimba ukiminya. Ikiwa inasimama kisha inazama taratibu ukiendelea kushika, mpira wa masta umekwisha au kuna mahali panavuja. Ikienda mbali mara ya kwanza tu halafu ukiminya tena iko juu, angalia diski imepinda au beringi ya tairi ina mchezo, inarudisha pedi nyuma. Na ikiwa ngumu nzuri kama yako sasa lakini pikipiki haisimami, acha kabisa kuhangaika na mafuta na upepo, nguvu yako inafika kwenye pedi salama salimini, shida iko pedi zinapokutana na diski au kalipa haichezi.

Wewe ulikuwa na shokapu inavuja upande wa diski. Yale mafuta yalipita wapi? Na ile siku ya kumwagika, pedi zilikuwa wapi?

Mteremko

Pedi nilikuwa nimezitoa nimeziweka chini karibu na kalipa, juu ya kipande cha boksi. Na boksi lililowa ndio. Diski niliisafisha lakini, niliiosha yote kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa.

Spana Namba Nane

Basi hapo umepata sababu tatu kwa mpigo. Mafuta ya shokapu kabla hujafungua, mafuta ya breki kwenye boksi, na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanasafisha grisi kweli ila yanaacha utando, pitisha kidole kwenye diski utausikia unateleza, na umeupaka upande wote wa diski kisha ukabana na pedi.

Diski ioshe kwa sabuni ya unga na maji ya moto, brashi, suuza, ikauke. Halafu futa kwa spiriti na kitambaa cheupe kisafi, badilisha kitambaa mpaka kibaki cheupe. Baada ya hapo usiishike kwa vidole. Pedi nunua mpya.

Nduthi ya Nakuru

Boss si lazima anunue. Hapa tunachoma pedi, unamwagia petroli kidogo unawasha, mafuta yote yanachomeka, ikipoa unasugua na msasa juu ya kitu flat, unarudisha. Nimefanya hivyo na bado naendesha.

Spana Namba Nane

Ndugu yangu nakuheshimu, ile ya bolti ya juu umemwokoa mwenzetu, lakini hili nalikataa. Pedi sio chuma, ni unga umegandishwa kwa gundi, una vitundu vidogo vidogo ndani, ukiingia mafuta yananyonywa kama mandazi yanavyonyonya. Moto wa petroli unachoma ya juu tu. Ukishaanza kubana breki joto linayatoa ya ndani yanakuja juu tena. Halafu ule moto unachoma na gundi inayoshikilia pedi kwenye bati lake. Kwa mtu anayezunguka tambarare pengine atafika nyumbani. Huyu anashuka Mombo.

Nduthi ya Nakuru

Hiyo ya kushuka mlima nakubali, hapo ningenunua mpya pia. Mimi nilisema kwa mtu amekwama na hana kitu mfukoni.

Mwani wa Tanga

Assalaam aleikum jamaa zangu. Niko huku Tanga mjini, chumvi ya bahari inatufundisha breki kwa nguvu. Ndugu Mteremko, ukiwa unafungua ili ubadili pedi, ishike kalipa kwa mikono miwili uisukume kulia kushoto. Hizi kalipa zetu za pistoni moja zinatakiwa zitembee kwenye pini zake mbili. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inajivuta na kuileta ya nje. Pini zikishika kutu, pedi moja tu ndo inafanya kazi, na hiyo moja inaipinda diski tu haibani. Angalia pedi zako za zamani, ikiwa moja imekwisha na nyenzake bado nene ujue pini zimekwama.

Zitoe, piga msasa laini namba 400 kuendelea, zipake grisi ya silikoni. Ile grisi nyekundu ya beringi usiweke, inavimbisha vile vimpira vya pini halafu zinabana zaidi ya mwanzo. Mimi zangu nazifungua kila baada ya masika.

Mteremko

Wa aleikum salaam. Nimefungua muda huu niko nayo hapa. Pedi ya ndani imebaki kama unene wa shilingi mia, ya nje bado nene mara tatu. Pini ya chini imegoma kabisa, nimeigonga kwa nyundo ya mpira ndo ikatoka, ina kutu ya kahawia katikati na grisi iliyokauka kama ugoro. Kwa hiyo hii breki ilikuwa mgonjwa hata kabla sijagusa shokapu, mimi nilikuwa nimezoea tu kubana kwa nguvu.

Na pembeni ya diski kuna maandishi madogo, MIN TH 3.0, hii ina maana gani?

Spana Namba Nane

Huo ni unene wa mwisho wa diski, milimita 3. Ikifika chini ya hapo inabadilishwa, haichongwi. Azima kile kipimo cha kubana cha fundi wa lathe upime pale pedi zinapopita, usipime ukingoni maana ukingo hauliki unabaki mnene, utadanganyika.

Pedi mpya ukishafunga, PAMPU LEVA KABLA HUJAPANDA. Pistoni umeirudisha nyuma ili pedi mpya ziingie, leva ya kwanza na ya pili zitakwenda tupu mpaka kwenye gripi. Kuna watu wamefunga pedi vizuri kabisa, wakawasha, wakaondoka, wakaja kujua mbele ya lori. Kisha angalia kikopo cha juu kisije kikafurika.

Na pedi mpya hazishiki siku ya kwanza. Tafuta mahali tambarare pasipo na watu, nenda 40, bana taratibu mpaka ubaki 10, achia, nenda tena, mara 20 hivi, katikati zipe muda zipoe. Usisimame kabisa na leva imebanwa wakati diski ya moto. Utaona yenyewe inavyozidi kushika.

Mama Chanjo

Na breki ya nyuma usiisahau kaka. Wengi wanaogopa ya mbele eti itawarusha, wanashuka mlima na ya nyuma peke yake mpaka ngoma inachemka. Ukibana uzito wote unakuja mbele, kwa hiyo ya mbele ndo inayobeba kazi kubwa, lakini kwenye mteremko tumia zote na uweke gia ya pili injini ikushike.

Swali, mtoto hakuumia? Mafuta yale ya breki yakiingia machoni ni mabaya, osha kwa maji mengi.

Mteremko

Hakuumia dada, asante kwa kuuliza. Mikono tu ililowa, mama yake alimuosha.

Mteremko

Mrejesho wa mwisho, leo Ijumaa. Diski imepima milimita 3.6. Pini zimepigwa msasa na grisi ya silikoni, nilikosa hapa nikaagiza Korogwe, kalipa sasa inatembea kwa kidole. Pedi mpya nilienda nazo zile za zamani mkononi tukalinganisha masikio na unene wa bati, za kwanza alizonipa muuzaji zilifanana kwa mbali lakini tundu la pini lilikuwa juu zaidi kwa milimita mbili hivi, zisingekaa. Nimezizoeza jana asubuhi kwenye uwanja wa mpira mara 20 kama ulivyosema Spana, mpaka mara ya saba hivi nilikuwa sijaamini, kuanzia ya kumi nikaanza kusikia pua ya pikipiki inainama. Jana mchana nimeshuka Mombo gia ya pili na ya tatu, pale Soni kwenye maporomoko nikasimama nikagusa rimu, ya moto kiasi, leva ilikuwa palepale vidole viwili. Nimerudi na mzigo wa kilo 60 salama.

Nduthi ya Nakuru

Safi sana boss. Na zile pedi za zamani umetupa?

Mteremko

Hapana, nilitaka kujua kuhusu lile la kuchoma. Juzi jioni nilichukua ile nene ya nje, nikaimwagia petroli nje mbali na nyumba, ikawaka mpaka ikazima yenyewe, nikaipiga msasa ikawa kavu kijivu, safi kwa macho. Nikaiweka juu ya gazeti kwenye bati la jiko la nje, juani. Leo saa nane nimeinyanyua, gazeti lina alama ya mafuta yenye umbo la pedi, mpaka maandishi ya ukurasa wa pili yanaonekana.